Mleteeni Mhindi Kiti

Leo nimepewa kiti msibani na bado nina hasira.

Nilikwenda Kingolwira kumpa pole Mwanaidi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Amefiwa na bibi yake, aliyekuwa akitusuka nywele sote wawili.

Wanawake wamekaa mkekani. Nikavua viatu nikae nao.

Shangazi yake akapaza sauti, “Mleteeni Mhindi kiti!”

“Shikamoo shangazi. Nitakaa chini tu.”

“Marahaba mwanangu. Chini hamjazoea nyie.”

Jamani! Kwetu tunakula chini, tunaswali chini!

Nikamtazama Mwanaidi anitetee.

Akanong'ona, “Kaa tu, Farhana, usiniaibishe.”

Nikakaa. Wenzangu wakamkumbatia wakilia naye. Mimi huko juu, hata mkono haukumfikia begani.

Hivi nyie mngekikalia?