Laptop Iliyokuja na Kila Kitu

Laptop yangu ya zamani ilizimika nikiwa katikati ya kitabu cha sayansi cha Gredi ya Nne, na haikuwaka tena. Kazi yangu ni kusoma vitabu vya shule kabla havijachapishwa na kuondoa makosa, na kazi hiyo naifanyia nyumbani kwetu Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Bila mashine sina kazi. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata mimi na mume wangu tukaenda mjini kununua nyingine.

Katika vitabu ninavyohariri, chombo hiki kinaitwa kipakatalishi. Sijawahi kumsikia mtu yeyote Nakuru akikiita hivyo, na mimi mwenyewe nikiwa nyumbani sithubutu.

Mume wangu hununua viazi Mau Narok na kuviuza Nakuru. Biashara hiyo imemfundisha kupenda lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi likaota kichwa cha pili, mradi yeye ndiye anayenunua. Kitu chochote kilichoongezwa juu ya kingine, kwake ni faida. Na kitu kikishakuja nacho hakitolewi. Viti vya gari letu bado vina nailoni za dukani, na mgeni akikaa wakati wa joto hunyanyuka na sauti ya plasta inayobanduliwa.

Muuzaji alimsoma haraka kuliko alivyonisoma mimi. Alikuwa bwana mwenye tai ya rangi ya duka lake, na sauti ya mtu anayetangaza mnada.

"Mzee, hii mashine imekuja na kila kitu," akamwambia.

"Kila kitu gani?" nikauliza mimi, niliyekuwa nainunua.

"Kila kitu, mathe. Antivirus iko. Games ziko. Muziki, hali ya hewa, mpaka ya kusafisha mashine yenyewe. Wewe ni kufungua tu."

"Na hizo zote ni bei hiyo hiyo?" mume wangu akauliza.

"Bei hiyo hiyo, mzee. Bure kabisa."

Nilijua hapo hapo kwamba nimeshindwa.

Nyumbani niliiweka juu ya meza ya kulia na kuiwasha. Iliniuliza kama nakubali masharti, nikakubali. Ikaniuliza kama nakubali masharti mengine, nikakubali hayo pia, kama bibi harusi aliyechoka. Ilipofunguka nikakuta imejaa. Kulikuwa na mchezo wa kupasua peremende, na mwingine wa kamari ambao mke wa mzee wa kanisa kama mimi hapaswi kuonekana nao. Kulikuwa na duka la nchi ambayo haituletei mizigo. Kulikuwa na programu ya kusafisha mashine ambayo kila ikisafisha mashine ilizidi kuwa nzito. Kulikuwa na hali ya hewa ya mji nisioujua, kwa vipimo vya Marekani. Na juu ya vyote, pembeni, ngao ndogo nyekundu: programu ya kuzuia virusi, ambayo ilikuwa bure kwa muda tu, na ilikuwa na wasiwasi sana kuhusu siku huo muda utakapokwisha.

"Nataka kutoa hivi vitu," nikamwambia mume wangu.

Akaweka kikombe chini. "Kutoa vipi?"

"Kuvisanidua." Ndilo neno la kamusi. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Kuviondoa," nikasema. "Sivihitaji."

"Lakini vilikuja nayo."

"Ndiyo shida."

"Mama, ukinunua gari, unang'oa kiti cha nyuma kwa sababu leo huna abiria?"

"Kiti cha nyuma hakinisemeshi. Hakiniambii nikinunue tena."

"Ukitoa, waranti inakufa," akasema. Hakuwa amesoma waranti, ile karatasi ya dhamana ya duka. Hakuna aliyewahi kuisoma. Lakini lilikuwa neno zito, na alilitamka kama hakimu. Nikaacha, kwa sababu nilikuwa na sura nne za kumaliza na nguvu ya vita moja tu kwa wiki.

Baada ya hapo akajifanya mlinzi wa mali yote iliyokuja bure. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni aliinama juu ya meza kusoma hali ya hewa. "Leo digrii sabini na mbili," akasema siku moja, akavaa sweta.

"Digrii sabini na mbili tungekuwa tumeiva," nikamwambia.

"Ni hesabu ya kizungu," akajibu, akavuta zipu. Jioni alikaa kupasua peremende kwa kidole kimoja, amekunja uso kama mtu anayekagua viazi vilivyooza, na mimi nikisubiri mashine yangu. Nayo mashine, kwa mizigo iliyobeba, iliwaka polepole kiasi kwamba niliibonyeza, nikabandika chai, chai ikachemka, nikaichuja, nikarudi nikakuta bado inazungusha kale kaduara. Ngao nyekundu ilikuwa inajitokeza mara kadhaa kwa siku kunitisha. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kulipa na kingine kilichosema kwa Kiingereza, Nikumbushe Baadaye. Nilibonyeza hicho cha pili bila hata kutazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Ndipo shangazi yake mume wangu akafariki, huko Subukia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, aliyekamua ng'ombe wake mwenyewe mpaka uzeeni, na aliyeogopwa na kila karani aliyewahi kupima maziwa yake. Alikuwa ameishi miaka mingi na kuwazika wengi waliomkosea, hivyo msiba wake ulikuwa wa heshima zaidi kuliko machozi.

Kaka mkubwa wa mume wangu ndiye aliyesimamia kamati ya mazishi. Shemeji huyu ni mtu wa maendeleo. Jirani alikuwa amemzika baba yake kwa hema na vipaza sauti, kwa hiyo sisi tulihitaji hema, vipaza sauti na skrini. Skrini ililetwa kutoka Nakuru, kubwa kuliko ukuta wa nyumba ya marehemu. Shangazi, aliyekuwa haoni haja ya hata redio, angewatimua wote na skrini yao.

"Shemeji, si una kompyuta mpya?" akaniambia kwenye simu. "Basi picha ni zako."

Nilizipanga vizuri. Shangazi msichana na gauni la kanisani. Shangazi na mumewe, wote wawili wakimtazama mpiga picha kama mdaiwa. Na ile ya mwisho niliyoipenda: Shangazi amesimama kando ya ng'ombe wake mweusi, mkono shingoni mwa ng'ombe, na hapo ndipo pekee alipowahi kuonekana akitabasamu.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Mchungaji alikuwa mtu mfupi mwenye koo la lori. Alipanda jukwaani, mimi nikaleta kwenye skrini picha ya ng'ombe mweusi, watu wakanong'ona kwa upendo, na mimi nikaketi nyuma ya laptop nikijivunia kazi yangu.

Hapo ngao nyekundu ikaamua muda wake umefika.

Haikuja ndogo pembeni kama kawaida. Ilikuja katikati, ikafunika ng'ombe mzima na kumwacha Shangazi kuanzia mabega kwenda juu. Chini ya uso wake yakaandikwa kwa Kiingereza, herufi kubwa nyekundu: ULINZI WAKO UMEKWISHA. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo: Uko hatarini.

Nikashika kipanya, mshale ukakataa kusogea, mashine ikaanza kuzungusha kaduara. Mume wangu, aliyekuwa mstari wa mbele na wazee, akageuka taratibu kunitazama.

Mchungaji naye akageuka. Akaisoma skrini mara ya kwanza kimya, midomo ikicheza. Akaisoma mara ya pili kwa sauti, akiitafsiri mwenyewe.

"Ulinzi wako umekwisha," akasema. Akapumua. "Ndugu zangu! Hata mashine imejua!"

"Amina," mtu akasema nyuma.

"Uko hatarini! Si mimi nimesema. Imeandikwa!" Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Na hebu oneni hapo chini. Hapo chini pameandikwa nini? Nikumbushe... Baadaye."

Nilitamani Subukia yote ipasuke inimeze.

"Ni wangapi hapa wanamwambia Mungu hivyo?" akanguruma. "Kila siku anakuita. Wewe unabonyeza, Nikumbushe Baadaye! Unakula, unalala, Nikumbushe Baadaye! Sasa Mama huyu alijitayarisha. Lakini wewe?" Na kidole kikashuka kutoka skrini, kikatembea juu ya vichwa vyetu. Akina mama wakaanza kulia, wale ambao hawakuwa wamelia kwa ajili ya Shangazi. Alipowaita wanaotaka kuokoka, wakatoka watu, miongoni mwao karani mmoja wa maziwa, ambaye nadhani alikuwa na sababu zake. Sijawahi kuona tangazo la biashara likifanya kazi namna ile. Kama waliolitengeneza wangejua, wangemwajiri mchungaji.

Mashine ilipopata fahamu, nilifunga ngao. Hakuna aliyemtazama tena ng'ombe.

Kwenye foleni ya chakula mama mmoja mwema alinishika mkono, akasita, akauachia. "Hizo virusi," akaniuliza polepole, "ulizipatia Nakuru?" Lakini aliyemaliza kabisa mambo alikuwa shemeji. Alimwendea mume wangu na sahani yake ya pilau, mbele ya binamu zake wote.

"Hiyo mashine," akasema, "mlinunua mtumba?"

"Ni mpya," mume wangu akasema.

"Mpya, na inapiga kelele hivyo?" Akatafuna. "Ungeniambia. Ningeazima ya shule."

Kutoka Subukia mpaka tunaingia Nakuru, nailoni ya kiti ndiyo iliyosema peke yake kila mume wangu aliposogea. Tulipofika nyumbani aliitazama laptop juu ya meza kama ng'ombe mwenye kasoro aliyeuziwa bila kuambiwa.

"Toa," akasema.

"Ngao?"

"Toa vyote."

"Na waranti?"

"Wachana na waranti."

Kesho yake baada ya kanisa tulikaa pamoja mezani, yeye amekunja mikono ya shati kama anayechinja. Tulianza na ngao. Haikuondoka kiungwana. Iliniuliza kama nina hakika. Ikaniambia inasikitika kuona naondoka, ingawa iliyokuwa ikiondoka ni yenyewe. Ikanionyesha bei nafuu. Halafu ikafungua kisanduku ikaomba niieleze sababu.

"Hebu lete," mume wangu akasema, akavuta mashine. Kwa kile kidole cha peremende akaandika, herufi moja moja: MMETUAIBISHA MAZISHINI. Akabonyeza. Ikamjibu: Asante kwa maoni yako. Alifurahi sana. Nadhani aliamini kuna mtu mahali fulani, mwenye tai, amesoma.

Basi akanogewa. Duka likaondoka. Kamari ikaondoka. Ya kusafisha ikaondoka, na ilipoondoka mashine ilikuwa safi zaidi kuliko siku zote ilizoisafisha. Hali ya hewa ikaondoka, akisema tangu mwanzo hakuiamini. Nikamwacha kidogo niende kutazama mboga jikoni, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu niliporudi alikuwa akipangusa jasho kwa ushindi.

"Nimetoa na nyingine moja," akasema. "Ilikuwa na jina refu la ajabu ajabu. Sikuijua. Nikaitoa."

"Jina gani?"

"Nitakumbuka aje, na lilikuwa la ajabu?"

Nikajaribu kufungua barua pepe. Hakuna. Nikatazama pembeni mwa skrini, ile alama ya intaneti haikuwepo kabisa. Bwana wangu, mtetezi wa kiti cha nyuma, alikuwa ameng'oa injini.

Nilisema maneno fulani. Mengine yamo kwenye kamusi. Yeye akakaa, mikono magotini, akiwa amekunjua tena mikono ya shati. Ilinichukua mchana mzima kuirudisha: kutafuta kwa simu programu iliyotolewa, kuihamisha kwa waya, kuiweka, kuona imekataa, kutafuta iliyo sahihi, kuiweka tena. Mboga ziliungua, na yeye akazila zote, akasema ni tamu.

Intaneti iliporudi nilishika kipanya ili nimalize mchezo wa peremende.

"Hiyo," akasema, akikohoa. "Hiyo si iache tu."

Nikaiacha. Ni mume wangu, na alikuwa amefika mbali humo ndani.

Tangu hapo mashine imekuwa inawaka mara moja, na nimefanya kazi kwa amani mpaka wiki iliyopita, ilipojisasisha yenyewe bila kuniuliza. Nilipoifungua, kando ya ukurasa wangu palikuwa pamesimama kitu kipya, cha rangi ya samawati, chenye adabu ya mhudumu wa hoteli, kikiniuliza kama ningependa kinisaidie kuandika. Sikuwa nimekijibu, tayari kilikuwa kimepiga mstari chini ya sentensi yangu ya Kiswahili, kikipendekeza nyingine isiyo na kitenzi.

Mume wangu alikuwa anapita na viatu vyake mkononi. Akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma.

"Huyo naye ametoka wapi?"

"Amekuja mwenyewe."

Akavuta kiti, akakaa, akaanza kukunja mikono ya shati. Nikamsogezea chai, na kipanya nikakiweka upande wangu.