Ogani Iliyokula Pumzi Zangu

Kwa miaka sita niliamini kwamba ogani ya mabomba hula pumzi za anayeipiga. Habari hiyo nilipewa na Mwakio, mwimba besi wetu pale Voi, aliyeapa kuwa mpigaji mmoja wa Mombasa alikonda hadi akawa anapita chini ya mlango uliofungwa. Nami, mwenye cheti cha darasa la jioni la kinanda kilichotundikwa sebuleni, nikameza yote.

Ndipo kwaya yetu ikaalikwa kuimba Jumapili kisiwani Mombasa, kwenye kanisa lenye ogani hiyo, nami nikatajwa mpigaji. Sharti lilikuwa moja: mtunza ogani, Mwalimu Dama, anisikilize kwanza. Akinikataa, tungeimba kwa muziki wa simu, na sare mpya zimeshashonwa. Alhamisi nikamwonyesha mke wangu zilipo hati za shamba, nikaondoka.

Saa nne asubuhi nilikuwa mtaa wa Makadara, Mombasa, kwenye jua la kukaangia mayai. Nilikula sahani tatu za mahamri kwa mbaazi, niongeze pumzi.

"Waenda kazi gani, kaka?" muuzaji aliuliza.

"Kupiga kinanda."

"Mimi nikidhani waenda kuchimba kisima."

Saa sita, mtaa wa Tudor, nyumbani kwa Mwalimu Dama, juu ya ngazi kama elfu moja hivi. Sebuleni palikuwa na hapsikodi, kinanda cha kale ambacho kila kibonye hudonoa uzi kwa kijino kidogo. Nikaanza kipande changu cha Kibaroki, muziki wa kale wa Ulaya, nikikitwanga kama kisamvu. Sauti haikuongezeka hata chembe.

"Baba, wampiga nani?" akauliza Mwalimu Dama.

"Nataka ikolee, Mwalimu."

"Uguse, uponde, uzi wadonolewa vile vile. Noti uitakayo ionekane, ichelewe kidogo. Na uipambe, maana yafa upesi."

Nikachelewesha, nikapamba. Kinanda kikaanza kuzungumza.

Saa tisa tukawa kanisani. Mabomba ya ogani yalikuwa marefu, nadhani mengine yalitokeza Lamu. Nikavuta hewa ya kutosha kisiwa kizima, nikaibana, nikaanza. Kipande kilikuwa kile kile, lakini hapa noti haikufa. Ilining'inia mpaka niinue kidole, na zile nilizozichelewesha ziligandana kama ugali. Ukurasa wa pili nikatimua mbio, nimalize kabla pumzi hazijaisha. Nikaona nyota.

Mwalimu Dama akanishika bega. "Mbona wakimbia? Na macho yamekutoka kama ya kamba wa baharini."

Nikamweleza yote, mpaka hati za shamba.

"Wewe pumua, kisha rudia," akasema. "Vidole uinue mapema, mwangwi wa kuta utamalizia. Hilo la pumzi nitakujibu Jumapili, nikiwa na ufunguo."

Nikarudia nikipumua, nikiwaaga watoto moyoni. Noti ya mwisho ikazunguka darini, ikatua. Nilikuwa hai.

"Jumapili saa tatu," akasema. "Usichelewe."

Nikakaa kwenye benchi nikicheka peke yangu.

Jumapili tuliimba, sare zikang'aa, na simu zikabaki mifukoni. Tukiwa tayari kurudi Voi, Mwalimu Dama alituita mimi na Mwakio nyuma ya ogani, akafungua kimlango kwa ufunguo wake. Ndani kulikuwa na sanduku likinguruma, na waya umechomekwa ukutani.

"Hii ni feni," alisema. "Ndiyo ipulizayo mabomba. Yala umeme, haili mtu."