Siku Sista Jeptoo Alipopanda Kitanda Chake Mwenyewe

Kina mama wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ughaibuni kwa Waarabu, waliomfahamu Sista Jeptoo walisema ana maneno ya moto na mikono ya barafu. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Kapsabet, na kwa miaka tisa alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya wanawake huko Al Rayyan. Aliwapima kina mama matiti na shingo ya kizazi, akawafundisha mabinti kuhesabu siku zao, na waliokoma hedhi akawaeleza kwamba lile joto linalowapanda ghafla hadi utosini si malaria wala si kurogwa.

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alihamishia kazi hiyo sebuleni kwake. Mumewe Cornelius, dereva wa basi la hoteli, ilibidi atoke.

"Nenda kanyolewe," Jeptoo alimwambia.

"Si nilinyolewa Ijumaa iliyopita, Mama Kiprono?"

"Basi kaangalie wengine wakinyolewa."

Wakaja yaya, wahudumu wa hoteli, walinzi wa majengo, wengi wao Wakenya na Waganda, wakala mandazi na kusoma miili yao. Kwa soksi ndefu kuukuu Jeptoo alikuwa ameshona matiti mawili, akayajaza pamba na mchele, na ndani ya moja akaficha punje ya ndengu. Aliyeipata kwa vidole alipigiwa makofi. Aliyeikosa aliambiwa arudie taratibu, kwa mduara, mpaka kwapani.

Ijumaa moja alikuja mgeni, Hadijah, Mganda wa Iganga mwenye miaka thelathini na tisa, mlinzi wa lango la jengo refu kule Lusail. Alishika titi la soksi, akalibonyeza mara tatu, akasema, "Iko hapa."

"Ala! Umejuaje upesi hivyo?"

"Nyabo," akajibu kwa neno la kwao la kumwita mama, "kazi yangu ni kupekua mikoba."

Watu wakacheka. Jeptoo naye akampenda papo hapo, akaendelea na somo la shingo ya kizazi. Akasema kipimo chake ni cha dakika chache, hakikati wala hakichomi. Akasema mwanamke asingoje kuumwa ndipo aende, kwa kuwa ugonjwa ule huingia kwa kunyata, na ukikutwa mapema unatibika. Alisema vizuri mno, hata mwenyewe akajisikia raha.

Hadijah akainua mkono. "Sista, na wewe? Mara ya mwisho ulipimwa lini?"

"Mimi? Mwaka jana."

"Mwezi gani?"

"Mwezi wa... wa tatu. Au wa nne."

"Wapi?"

"Pale pale kliniki."

"Na nani?"

Jeptoo akamimina chai katika kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa, mpaka ikamwagika kwenye sahani.

"Mimi watu hunidanganya langoni kila siku," Hadijah akasema kwa upole. "Mwenye kuishi mle ndani haulizwi ghorofa akaanza kutazama juu."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Kinyozi hajinyoi!" Jeptoo akacheka pamoja nao, lakini masikio yalimwaka. Ukweli ni kwamba alikuwa hajapimwa kwa miaka kumi na mmoja. Akiulizwa na nafsi yake, alijibu kwamba hana nafasi. Nafsi ilipozidi kuuliza, ilibidi akiri mambo mawili. Kwanza, wauguzi wote wa pale kliniki aliwafundisha yeye, na hakutaka hata mmoja amwone katika hali ile. Pili, mama yake mdogo alifariki kwa ugonjwa huo huo, na Jeptoo, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, ndiye aliyemwosha mpaka siku ya mwisho. Alijua mengi kupita kiasi.

"Tufanye hivi," Hadijah akasema. "Mimi pia sijawahi. Naogopa. Nitapanda hicho kitanda cha kupimiwa siku nitakayokuona wewe umepanda."

Wanawake kumi na watano wakamtazama Jeptoo. Angefanyaje?

"Jumanne," akasema.

Jumanne ilipofika, alijaribu kila njia ya kuikwepa. Alimpigia Hadijah simu asubuhi akasema anahisi homa. Hadijah akamwambia aweke kipimajoto kinywani na asikate simu. Kilipolia, kilisoma thelathini na sita na nusu. Akasema huenda hedhi inakaribia. Hadijah akamkumbusha kwamba Ijumaa mwenyewe alitangaza kuwa hedhi yake imemaliza miezi mitano bila kubisha hodi.

"Yalla, nyabo, toka. Niko chini, na teksi inangoja."

Zamu ya kupima ilikuwa ya Olivia, muuguzi kijana kutoka Kisumu, mpole, ambaye Jeptoo alimfundisha kazi hatua kwa hatua. Olivia alipoona jina kwenye orodha alidhani kuna makosa. Alipoelewa, alifunga mlango, akanawa mikono, akavaa uso wa kazi.

"Karibu, mama. Vua nguo za chini, ujifunike na shuka hii. Niko nje ya pazia."

"Olivia, kitanda nakijua."

"Wagonjwa wangu wote ninawaambia hivyo, Sista. Ulinifundisha nisiruke hatua."

Basi Jeptoo akapanda. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda kile, na hakuwahi kujua kwamba anayelala pale miguu yake huelekea mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa, naam, lakini kila hatua iliyopita koridoni ilimfanya abane magoti. Hakujua pia kwamba karatasi ya kutandikia hulia kwa kila pumzi, kama mtu anayekula njugu kanisani.

"Legeza magoti, mama. Yaache yaanguke yenyewe."

"Yamekataa."

"Tikisa vidole vya miguu. Sasa niambie, jana ulipika nini?"

Swali hilo lilikuwa lake Jeptoo. Alilibuni mwenyewe ili kuwasahaulisha wagonjwa, na alilionea fahari. Sasa, akiwa chali, na kile chuma cha kupimia chenye mdomo wa bata kikimgusa kwa ubaridi wa friji, aligundua kwamba hakuna swali linaloudhi kuliko hilo.

"Olivia," akasema akiwa amefumba macho, "ukinitajia chakula tena nitakupiga teke."

Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Hadijah, ambaye alikuwa ameomba ruhusa ya kukaa humo chumbani. "Anaendelea vizuri?"

"Anatisha wafanyakazi," Olivia akajibu, "lakini tumemaliza."

Tumemaliza? Jeptoo akafumbua macho. Hazikufika hata dakika tatu. Miaka kumi na mmoja ya kukimbia, kwa dakika tatu! Alikaa kitako akacheka, kisha bila kutarajia akalia kidogo, akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Olivia akageukia sinki akaosha mikono iliyokuwa safi tayari.

Zamu ya Hadijah ilikuwa fupi zaidi. Alipanda na viatu vyake vya ulinzi miguuni, akaambiwa avivue, akauliza kama ni lazima, akavivua. Wakati wote huo Jeptoo alikuwa amemshika mkono. "Mikono yako kweli ni barafu," Hadijah akamwambia, na hilo ndilo lalamiko pekee alilotoa.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Hadijah alikuwa salama. Jeptoo alikutwa na kile kirusi kinachoweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi. Daktari akamtazama kwa kioo cha kukuza, akakata kinyama kidogo cha kupima, akamwambia seli zimeanza kubadilika lakini hazijawa saratani. Zingeachwa miaka mingine kadhaa, hadithi ingekuwa nyingine.

Jioni alimweleza Cornelius, akiwa amejiandaa kwa vita. Cornelius alisikiliza, akakuna kichwa.

"Kirusi. Hupatikanaje?"

"Kwa kulala na mtu. Lakini hukaa kimya mwilini miaka mingi, hata ishirini. Karibu kila mtu hukutana nacho. Hakuna anayeweza kusema kilitoka wapi au lini."

Cornelius akavua viatu vyake vya kazi, akavipanga kando ya mlango.

"Basi mimi na wewe tusikitafutie mwenyewe," akasema hatimaye. "Mwambie daktari akitoe. Siku hiyo nitaomba ruhusa kazini, nikupeleke na basi lote tupu, ukalale kiti cha nyuma."

Basi la hoteli hakupewa, lakini ruhusa alipata. Daktari aliiondoa ile sehemu iliyobadilika kwa muda usiofika nusu saa, Jeptoo akiwa ametiwa ganzi, na mchana wa siku hiyo alikuwa nyumbani akinywa uji ambao Cornelius aliupika ukashika mabonge.

Ijumaa iliyofuata aliwaambia wanawake wote, bila kuficha hata ule uongo wa mwezi wa tatu au wa nne. Hakuna aliyecheka. Yaya mmoja ambaye kwa miezi mingi hakuwahi kufungua mdomo akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi. Wengine wakadakia. Hadijah akachomoa kalamu mfukoni na kuandika majina.

Jeptoo aliporudi kazini, aliita wanaume wawili wa matengenezo wakageuza kitanda, miguu ikaelekea ukutani. Msimamizi alipouliza sababu, alimwambia apande ajionee. Msimamizi akasema hakuna haja. Jeptoo akaweka pia bakuli la maji ya uvuguvugu la kupashia vile vyuma.

Mgonjwa wa kwanza asubuhi hiyo alikuwa msichana wa Kitui, aliyebana mkoba kifuani kama ngao. Jeptoo alisugua viganja vyake mpaka vikapata joto. Kisha, alipofungua mdomo kuuliza kilichopikwa jana, akaufunga tena.

"Ungependa tuzungumze," akamuuliza, "au tukae kimya?"

"Kimya, Sista," msichana akasema, na magoti yake yakalegea.