Picha Ndani ya Kopo la Chai

Setsuko alifanya kazi katika kiwanda cha printa ndogo, zile zinazokaa ubavuni mwa mashine ya kumpima mama mjamzito na kutema picha ya mtoto ingali na joto. Hazina wino, joto ndilo linalochora. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu, na kila moja ilimtolea picha ileile ya majaribio: mtoto wa mtu asiyemjua, amelala gizani mwake. Dirishani milima ya Nagano ilielea ukunguni. Siku nyingine Setsuko hakujua kama yuko macho au anaota.

Nyumbani alikuwa na picha yake mwenyewe, ndani ya kopo la chai. Ilikuwa ya mwanawe ambaye hakujaliwa kuzaliwa. Zamani, kabla hajaijua kazi hii, aliivalisha mfuko wa plastiki isichakae, akaifungia humo. Akiba haiozi, si ndivyo tunavyojidanganya? Wiki yake ya kwanza kiwandani, mkufunzi akasema plastiki laini huila picha ya joto polepole, mpaka karatasi ibaki nyeupe. Tangu hapo hakuthubutu kulifungua kopo.

Mumewe, Morio, hakuwahi kumtaja mtoto yule. Setsuko alishakata shauri kwamba amemsahau. Basi picha ikifutika, mtoto angebaki kichwani mwake yeye peke yake, na yeye akifa, ndiyo imetoka. Hilo lilimtia uchungu kuliko msiba wenyewe.

Mchana wenzake walichora kwa kucha kwenye karatasi mbovu, maana ukiisugua karatasi ile kwa nguvu hupata joto ikaweka weusi.

"Dada Setsuko, muone msimamizi wetu!" alisema Chieko.

"Mbona hana kitambi? Unampendelea wewe!" Setsuko alimjibu.

Vikaragosi hivyo alimpelekea Morio jioni, naye alicheka hadi machozi.

Agosti ikafika, na siku ya kuwapokea wafu, ambao kwa desturi yao hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Morio alikaa barazani akichomeka vijiti vinne kwenye tango: farasi wa kumleta marehemu mama yake upesi. Alipomaliza, akachukua tango jingine, dogo kama kidole gumba.

"Na huyo wa nani?"

"Wa mtoto," alisema bila kuinua uso. "Farasi mkubwa atamwangusha. Kila mwaka huwa namficha nyuma ya yule wa mama, usije ukalia."

Setsuko aliingia ndani akarudi na kopo. Alimpa Morio, naye ndiye aliyefungua. Karatasi ilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa. Setsuko akalia kama aliyefiwa jana.

"Nimemuua mara ya pili, mume wangu."

"Nyamaza, mama. Lete hapa."

Akaitandaza gotini, akasugua kwa ukucha wa kidole gumba. Mstari mweusi ukajitokeza, ukapinda.

"Kichwa kilikuwa hapa. Na mkono hapa, kauinua, utadhani anasimamisha basi."

Setsuko alisogea, machozi yangali kidevuni. Mkono ulikuwa palepale pake.

"Mguu umeusahau," alinong'ona.

"Sijausahau. Alikuwa ameuficha."

Ni kweli. Siku ile ya kupimwa mguu haukuonekana.