Nilimdai kitambulisho mlangoni pa choo cha wanawake

Fichieni jina langu, maana sisi Wakongo wa Kivu hapa Brussels tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na mmoja. Bukavu nilikuwa mwalimu wa historia. Hapa, huu ni mwaka wa tisa natunza vyoo vya mkahawa mmoja karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Nasafisha, naweka karatasi, na wateja wakipungua nasoma kitabu changu. Sikuwahi kuionea haya kazi hii mpaka Jumapili moja ya majuzi.

Kabla ya hapo, mwanaume mmoja alikuwa amejificha upande wa wanawake akamchungulia msichana juu ya ukuta. Ukelele wake niliusikia mimi. Patron, mwenye mkahawa, akatoa amri: mwanaume asikanyage upande ule, na nikimtilia mtu shaka nimdai carte d'identité, yaani kitambulisho. Niliona ni haki.

Jumapili hiyo mchana foleni ilikuwa ndefu. Akaja mtu mrefu, kichwa kimenyolewa chote, koti la kiume hadi magotini. Nikanyoosha mkono: "Monsieur, wanaume ni kushoto."

Alipoona kitenge changu akajibu kwa Kiswahili, sauti imekauka. "Maman, mimi ni mwanamuke. Niachie nipite."

"Onyesha carte."

"Niliiacha ku nyumba. Pardon, maman, siwezi kungojea tena."

Nyuma yake bibi mmoja wa Kizungu akafoka kwa Kifaransa, "Madame, fanya kazi yako!" Patron alikuwa akinitazama kutoka kaunta. Nikaziba mlango. "Bila carte, hapana."

"Maman, koti hii ni ya bwana yangu. Tulimuzika juzi."

Ndipo nikakiona kile kichwa. Kwetu mjane hunyolewa. Mimi mwenyewe nilimshika mama yangu mabega aliponyolewa. Miaka thelathini ya ugenini, na nilichokiona ni kipara tu. Nikasogea, lakini maji yalikuwa yameshaanza kutiririka kwenye vigae, kati ya viatu vyake. Nilipochukua tambara, akalitoa mkononi mwangu taratibu.

"Wacha, maman. Wewe ni muzazi. Nitapangusa mimi."

Akapiga magoti na koti la marehemu, akapangusa. Sikujua hata jina lake.

Patron alinisifu! Eti ningemwachia mmoja, wangeingia wote. Kuanzia mwezi ujao kiti changu kitakaa mlangoni kabisa, na yeyote nitakayemtilia shaka ataonyesha carte au atarudi. Nisipotaka, anasema, wanaoitaka kazi hii ni wengi. Nami nimebakiza miaka minne nipate pensheni.

Binti yangu ananiambia, "Maman, acha hiyo kazi, donc wewe ni polisi?" Mume wangu anauliza, "Na yule wa kuchungulia akirudi, nani atamuzuia?" Wote wawili nawaelewa, na ndiyo maana nakosa usingizi.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, hasa wanangu wa kike, nishaurini: nikalie kile kiti, au nimwambie patron atafute macho mengine?