Nusu Mbili za Nywila

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na neno likikutatiza usione haya kuuliza. Mimi mwenyewe niliianza kazi hii nikiwa sielewi kitu. Siku ya kwanza, huko Singida, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA alinionyesha kiti chenye mguu mbovu, akasema, "Rukia, andika programu isome ufunguo kutoka kwenye diski." Nikauliza ufunguo uko wapi. Akanifungulia faili lililojaa herufi zisizosomeka, mstari juu ya mstari. Nikamwambia limeharibika.

"Halijaharibika. Ndivyo lilivyo. Utazoea."

Sikuzoea upesi. Nitakueleza polepole kama nilivyotamani kuelezwa. Programu yako haifanyi hesabu za siri yenyewe. Inaazima maktaba, yaani mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wanaozijua hesabu hizo. Wewe unaiambia tu: chukua faili hili, nywila, yaani neno la siri, ni hii, nipe ufunguo. Cheti nacho hupakiwa, yaani husomwa kutoka kwenye diski, hivyo hivyo, ila hakihitaji nywila, kwa sababu cheti ni cha kuonyeshwa watu, kama kitambulisho. Ufunguo wa siri ndio usioonyeshwa. Kwenye diski hulala umefungwa kwa nywila. Ukishapakiwa hukaa wazi kwenye kumbukumbu ya mashine, na mashine ikizimika, ule ulio wazi hupotea. Lazima uupakie upya.

Kutoka Singida nilihamishiwa Manyoni, na kutoka Manyoni nikaja Dodoma, kwenye ofisi iliyopokea maombi ya damu kutoka vituo vya afya. Kila ombi lilifika limefungwa, na ni ufunguo wetu wa siri peke yake uliolifungua. Wenye ghala la damu hawakukubali ombi la simu. Kuna mtu aliwahi kupiga akijifanya daktari, na tangu hapo walisema hapana.

Nywila ya ufunguo ule iligawanywa nusu mbili, kama sanduku la fedha lenye funguo mbili. Nusu moja ilikuwa kwa Mkurugenzi, nyingine kwa Mkaguzi wa Ndani. Sisi waandishi wa programu tulitolewa nje wakati wa kuiandika. Nami nilisimama kwenye korido nikiutazama ukuta. Baadaye Mkurugenzi yule alistaafu, Mkaguzi akahamishwa, na kila mmoja akamnong'oneza aliyemrithi nusu yake. Seva, mashine iliyoshika ufunguo, ilikuwa haijazimika hata mara moja, kwa hiyo hakuna aliyefikiria zaidi.

Kisha siku moja asubuhi umeme ulikatika, na betri za akiba zikakata roho.

Umeme uliporudi, Mkurugenzi mpya aliketi, akaandika nusu yake, akampisha Mkaguzi mpya naye akaandika yake. Maktaba ikajibu kwamba imeshindwa kuusoma ufunguo: huenda nywila si sahihi, au huenda faili limeharibika.

"Sasa ni lipi kati ya hayo mawili?" Mkurugenzi akauliza.

"Haijui, mheshimiwa. Inajaribu kufungua, inakuta takataka. Nywila mbovu hutoa takataka, na faili bovu hutoa takataka."

"Yaani mashine nzima hii haijui?"

Wakaandika tena. Jibu lile lile. Mkaguzi akamtazama Mkurugenzi kwa pembe ya jicho. "Mimi yangu naijua, bosi."

"Na mimi yangu siijui? Niliipokea kwenye usingizi?"

Simu yangu ikaita. Alikuwa Muuguzi Agnes, wa kituo cha afya mbele ya Mvumi. "Dada Rukia, ombi langu mmeliona? Mama amejifungua, damu haisimami. Gari la huko limeshatoka?"

Nikamwambia ombi limefika, ila hatuwezi kulifungua. "Limefika, na hamwezi kulifungua," akarudia, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya ugenini.

Nilirudi kwenye mashine. Nilipakia cheti: kikapakika bila shida, kwa hiyo diski ilikuwa inasomeka. Nikachukua nakala ya akiba ya ufunguo, nikailinganisha na faili lenyewe, herufi kwa herufi. Hazikutofautiana hata moja. Faili lilikuwa zima, basi. Nywila, kila mmoja anaapa nusu yake ni sahihi. Na mlango haufunguki! Nikaanza kuishuku programu yangu, nikaishuku maktaba, nikamshuku hata fundi umeme.

"Tumpigie mzee," nikasema. Mkurugenzi mstaafu alikuwa kwake Mkonze, akipogoa mizabibu. Nikaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Rukia. Mbona sauti imekauka?"

Mkurugenzi mpya alichukua simu, akaenda nayo dirishani, wakanong'onezana ile nusu. Akarudi akitikisa kichwa. "Ni ile ile. Herufi zote."

Nikauliza tu, ili nisikae kimya: "Mzee, siku ile ulipoketi kuandika, kwenye skrini uliona nini?"

"Vinyota. Vilikuwa vimeshajipanga, mimi nikaongezea vyangu."

"Vinyota vya nani?"

"Vya Mkaguzi, vya nani tena? Alianza yeye. Wewe mtoto, umeona wapi mgeni rasmi anatangulia kuhutubia? Wadogo husema kwanza, mkubwa anafunga!"

Kumbe nusu zote mbili zilikuwa sahihi, ila tuliziandika kwa mpangilio uliogeuzwa. Mkurugenzi mpya alikuwa ametangulia kwa sababu kwenye kusaini, mkubwa hutangulia. Mkuu mmoja alifuata itifaki ya mkutano, mwingine itifaki ya barua, na mashine haikuambiwa habari ya itifaki yoyote.

"Mkaguzi, kaa wewe kwanza," akasema Mkurugenzi, akasimama.

Ufunguo ukapakika mara moja. Ombi likafunguka, likaenda ghalani, gari likatoka. Alasiri Agnes alipiga tena: "Damu imeingia, dada. Mama ameomba uji." Nililia chooni, sikutaka Mkaguzi anione.

Leo nimestaafu, naishi Nkuhungu, na vijana wa vyuo hunijia na kompyuta zao wakiwa na jibu lile lile la maktaba. Nawaambia wasiaibike kuchanganyikiwa. Hata mimi, sababu ya ujumbe ule naijua, lakini moyo bado hauikubali. Kitu kizima pamoja na kitu kizima, na bado mlango umefungwa.

Kwa hiyo ukishatengeneza ufunguo, au nusu ya nywila ikipata mrithi, usimruhusu mtu kutoka chumbani. Zima programu, iwashe upya, na wenye nywila waiandike tena papo hapo, nawe unukuu nani ametangulia, mpaka uuone ufunguo umepakiwa kutoka kwenye diski.