Doa la Njano

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa fupi: ule usaha nilioandika kwenye fomu, niliuona, au niliutaka tu uwepo?

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu. Tulimaliza udaktari pamoja, tukapokelewa pamoja kwenye hospitali moja ya Uvira. Mkubwa wetu, daktari wa upasuaji, alikuwa akichunguza vidonda vya watu walioshonwa mishipa mikubwa ya damu: kipi kinapona, kipi kinaingia vijidudu, na kwa nini. Mwenzangu alimsaidia kushona. Mimi nilipewa fomu za kuandika hali ya kila kidonda. Mwisho wa uchunguzi huo mmoja wetu angepelekwa Bukavu kusomea upasuaji. Mkubwa hakusema nani, lakini yeye alimwita mwenzangu "mwanangu", mimi aliniita "dokta".

Mambo kama hayo siyaachi yapite. Wagonjwa walimuuliza mwenzangu anakaa wapi. Akijibu mtaa wa Songo, walicheka naye kama ndugu. Mimi pia nakaa Songo. Hakuna aliyeniuliza.

Ndipo akaja mkulima wa Nyakabere, aliyechomwa pembe na ng'ombe kwenye kinena. Mkubwa alishona mshipa, mwenzangu akafunga ngozi. Siku ya tano niliinua shuka nikaona kompresi, kitambaa kinachofunika kidonda, ina doa la njano, na harufu nzito. Mgonjwa aliona aibu, akavuta shuka. Sikumsumbua. Niliandika: kidonda kina usaha. Nilitoka wodini nikiwa mwepesi, karibu nipige mluzi.

Sikumwambia mtu. Fomu niliitunza kwa ajili ya kikao cha madaktari cha Ijumaa, isomwe mbele ya wote. Baadaye tu, kitandani, ndipo niliposhtuka. Usaha juu ya mshipa ulioshonwa unaweza kuupasua, mtu akatokwa damu hadi afe. Kama niliuamini, mbona sikukimbia kumwita mkubwa? Na kama sikuuamini, niliandika nini?

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye kitanda kile. Dada yake mgonjwa, aliyekuwa akimhudumia, alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Weye dokta, leo tena? Jana uliangalia kitambaa, ukaandika, ukaenda. Kidonda hakikukusalimia?"

Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka.

"Leo nakifunua, dada. Lakini hili doa ni la nini?"

"Ni mawese. Minye nilimupakaa pembeni, sababu plasta inamungoaka nywele, analia kama mutoto."

"Minye silie!" mgonjwa akafoka.

"Unaliaka."

Nilinawa, nikafunua. Chini ya mafuta yale kidonda kilikuwa kikavu, bila uvimbe, mishono imepangana sawasawa. Sijawahi kushona vizuri namna ile. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mkulima yule, na papo hapo wivu ukarudi, mzima kabisa.

"Dada, mawese tena hapana," nilisema. "Yanaweza kuingiza uchafu."

"Basi mulete plasta yenye haiumize."

Ningeweza kuichana fomu ile kimya kimya. Lakini zilikuwepo nyingine mbili, za wagonjwa aliowashona mwenzangu na waliokwisha kurudi kwao. Kwenye zote mbili nilikuwa nimeandika "chekundu", dalili ya vijidudu. Vilikuwa vyekundu kweli? Nilijaribu kuvikumbuka vidonda vyenyewe, nikakumbuka uso wa mwenzangu tu.

Kabla ya kikao nilimkuta mkubwa kwenye chumba cha kunawia, mwenzangu kando yake. Nilikata kwa mstari mmoja niliyoyaandika kwenye fomu ya mkulima, nikatia sahihi, nikampa zote tatu.

"Dokta, ile moja ilikuwa mawese. Hizi mbili sina hakika nazo. Vidonda alivyoshona mwenzangu nisivikague tena mimi. Namwonea wivu."

Mwenzangu aliacha maji yakitiririka. Mkubwa alizipitia fomu moja moja.

"Avikague nani?"

"Muuguzi mkuu wa wodi. Na asiambiwe nani alishona."

Nilitoa mfukoni kalamu ya kujazia fomu, nikaenda wodini kumkabidhi muuguzi mkuu.